Kwani Jua Nani Halijui?

Nyumbani kwetu Handeni ukisema unasomea udaktari, unaanza kuitwa daktari siku hiyohiyo. Ukisema unasomea sheria, kesi za mipaka ya mashamba zitakufuata mpaka chumbani. Mimi nikisema nasomea jua, mjomba wangu ananitazama kwa huruma, kisha anauliza, "Kwani jua nani halijui?" Na kwa namna yake yuko sahihi. Handeni jua tunalijua vizuri mno. Ndilo linalokausha mahindi wakati yanabeba. Ndilo linalomaliza lambo. Ndilo lililotufanya utotoni tuamke saa kumi alfajiri tukapange ndoo kabla halijachomoza. Sasa kijana wa ukoo anachukua mkopo wa Bodi, anakaa Mlimani miaka mitatu, halafu anarudi na kusema anachunguza jua. Ni kama mtu wa Mafia aende Dar kusomea chumvi.

Wenzangu hapa vimbwetani wanauliza swali lilelile, ila wamelivalisha suti: "Mkuu, hiyo mradi yako ina faida gani kwa jamii?" Nimelijibu mara nyingi kwa mkato nikiwa nakimbilia kipindi. Leo nina nafasi, basi mnivumilie.

Mradi wangu wa mwaka wa tatu ni kuhusu milipuko ya jua na kufyatuka kwa filamenti, kwa njia ya spektroskopia. Nianze na filamenti, kwa sababu hiyo ndiyo watu hawajawahi kuisikia. Juu ya uso wa jua huwa kuna mawingu marefu ya plazma, mengine yana urefu wa mamia ya maelfu ya kilometa, yamening'inia kama nguo kwenye kamba. Kamba yenyewe ni sumaku ya jua. Ndani ya wingu hilo joto ni kama nyuzi 10,000 hivi, lakini hewa ya juani inayolizunguka, yaani korona, ina nyuzi zaidi ya milioni moja. Yaani filamenti ni kitu cha baridi kilichotundikwa ndani ya tanuri. Ukilitazama jua kwa darubini yenye kichujio cha haidrojeni, filamenti inaonekana kama mkwaruzo mweusi, kwa sababu inanyonya mwanga unaotoka chini yake. Jua linapojizungusha na wingu lilelile likafika ukingoni, unaliona likiwaka jekundu, kwa sababu nyuma yake sasa hakuna uso wa jua, kuna giza tu. Wataalamu wa zamani waliwapa majina mawili, filamenti na prominensi, kabla haijajulikana kwamba ni kitu kimoja kilichotazamwa kutoka pande mbili.

Kamba hiyo ya sumaku inaweza kusokotwa ikasokotwa mpaka ikashindwa kushika. Hapo filamenti inafyatuka kama mtego wa panya. Inaruka juu, na chini yake mistari ya sumaku inakatika na kujiunga upya, na nguvu iliyokuwa imebanwa inatoka yote kwa dakika chache. Huo ndio mwako unaopimwa kwa herufi A, B, C, M na X, kila herufi ikiwa na nguvu mara kumi ya iliyotangulia. Filamenti nyingine hurudi chini, nyingine huondoka moja kwa moja na kubeba mabilioni ya tani za plazma kwenda kwenye anga la mbali. Ikiwa dunia iko njiani, tunapigwa.

Sasa, haya yote tunayajuaje, na hakuna aliyekwenda? Hapa ndipo penye utamu, na ndipo nilipoamua kubaki na fizikia baada ya kunusurika kudisko mwaka wa kwanza.

Sekondari tulifundishwa kwamba mwanga wa jua ukipita kwenye prizimu unatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Ambacho mimi sikuambiwa ni kwamba upinde huo una matundu. Ukiutawanya vizuri, unakuta mistari myeusi myembamba imekatiza rangi. Mwaka 1814 Mjerumani Joseph Fraunhofer aliipanga zaidi ya 500. Miaka 45 baadaye, Kirchhoff na Bunsen wakaonyesha kwamba kila elementi ina mistari yake isiyogombewa na nyingine, kama alama za vidole. Unaweza kujaribu jikoni. Rusha chumvi kidogo kwenye moto wa jiko la gesi, moto unageuka njano. Hiyo ni sodiamu, kwenye urefu wa wimbi wa kama nanomita 589. Ukitazama spektra ya jua mahali palepale, 589, unakuta weusi. Sodiamu ya chumvini ipo juani pia, ila kule inanyonya njano badala ya kuitoa.

Kuna kisa ambacho kila Mtanzania angepaswa kukijua, na nashangaa hakimo kwenye vitabu vyetu. Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa kabisa kule India. Mwezi ulipolifunika, wanaanga wakaelekeza vifaa vyao kwenye zile prominensi, yaani filamenti zangu hizihizi, na wakaona mistari inayong'aa. Mmoja wa njano haukukaa pale pa sodiamu. Ulikuwa kando kidogo, kwenye 587.6. Mwingereza Norman Lockyer akasema hii ni elementi isiyojulikana duniani, ikaitwa heli, kutokana na jina la Kigiriki la jua. Ilichukua mpaka 1895 kwa William Ramsay kuikuta duniani. Na leo watu wanachoronga ardhi kuitafuta wapi? Bonde la Rukwa, hapahapa kwetu. Gesi iliyoonekana kwanza kwenye wingu la juani iko chini ya miguu ya watu wa Rukwa. Nilipomsimulia mjomba hili, kwa mara ya kwanza alikaa kimya, kisha akauliza kama Handeni nayo ipo. Nikamwambia kwetu kuna dhahabu, asiwe na tamaa.

Mstari wangu mimi ni wa haidrojeni, nanomita 656.3, mwekundu. Ukiupima ulipo na umekaaje, unajua mengi: joto, msongamano, na zaidi ya yote, mwendo. Anayetoka Tanga au Korogwe anaijua kanuni yake bila kufundishwa. Simama Segera penye njia panda, basi la Arusha linakuja linapiga honi. Likiwa linakufuata sauti ni nyembamba, likishakupita inakuwa nzito ghafla. Mwanga nao hivyohivyo: kitu kikija kwetu mistari yake inasogea upande wa bluu, kikienda mbali inasogea upande wa wekundu. Filamenti inayotujia kwa kilometa 100 kwa sekunde, mstari wake wa 656.3 unasogea kwa nanomita 0.22. Kadogo, lakini kanapimika. Picha ya kawaida inaonyesha filamenti ikipanda juu au ikienda pembeni. Inayokuja moja kwa moja usoni kwako, picha haikuambii kitu, inaonekana kama imesimama. Spektra ndiyo inayosema inakuja.

Supavaiza wangu alisikiliza yote haya, akavua miwani, akauliza swali moja: "Kifaa kiko wapi?"

Haki yake. Kwa hiyo likizo nikarudi Handeni na boksi la viatu, nyembe mbili, na DVD ya filamu ya Kibongo iliyokwaruzika. DVD ina mifereji zaidi ya 1,300 kwa kila milimita, na mifereji hiyo inatawanya mwanga kuliko prizimu ya maabara yetu. Nyembe mbili zikikaribiana zinatengeneza mwanya. Simu inakuwa jicho. Boksi silielekezi juani hata siku moja, nalielekeza kwenye karatasi nyeupe iliyopigwa na jua. (Nasisitiza hili kwa wadogo zetu: jua likitazamwa moja kwa moja linaunguza jicho na huhisi maumivu. Septemba 1, 2016 jua lilipopatwa kipete Rujewa, Mbarali, miwani maalumu ndiyo iliyotumika, na watu kama Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria walikuwa wanalihubiri hilo mapema. Filamu ya eksirei si miwani. CD si miwani.)

Asubuhi Handeni kunakuwa kweupe, nikaipata: mistari myeusi ya Fraunhofer kwenye skrini ya simu yenye ufa. Sodiamu pale. Magnesiamu kwenye kijani. Haidrojeni 656 kwenye wekundu, nyembamba kama unywele. Nikawaita watoto wa jirani, kila mmoja akachungulia. Mama naye akaja na mikono ya unga, akachungulia, akasema, "Hii mistari ndiyo inayokula hela ya mbuzi?" Mama aliuza mbuzi wanne mwaka ule mkopo wangu ulipochelewa. Ukoo mzima unajua idadi yao na rangi zao.

Lakini boksi la viatu haliwezi kuona filamenti. Linachanganya mwanga wa jua lote kuwa uji mmoja, na filamenti ikifyatuka ndani ya uji huo ni punje ya chumvi. Unahitaji kifaa kinachopima kila kipande cha jua peke yake. Mtandao wa darubini wa GONG, unaolitazama jua mchana na usiku, una vituo sita: Australia, India, Visiwa vya Kanari, Chile, na viwili Marekani. Bara la Afrika hakuna hata kimoja. Lipo jambo jingine ambalo sisi wanachuo hatulitumii vya kutosha: data nyingi za anga ni za bure. Oktoba 2021 China ilirusha satelaiti ya CHASE, jina lake jingine Xihe, ambayo inalipima jua zima kwenye mstari wa haidrojeni, kipande kwa kipande, kwa chini ya dakika moja. Data zinatunzwa Chuo Kikuu cha Nanjing na mtu yeyote anaweza kuzipakua. Nikarudi kwa supavaiza: kifaa kipo, kipo angani, na kodi yake ni bando tu.

Bando ndilo lililonipeleka Korogwe. Dada yangu ni wakala wa pesa za simu karibu na stendi, na kwake mtandao ni mzuri kuliko kwetu Handeni. Barabara ya lami kati ya Handeni na Korogwe ni kama kilometa 65, na nimeipanda kwa basi, kwa Noah, na mara moja juu ya gunia za mkaa. Nilikuwa nalala kwenye banda la dada, naweka bando la usiku, napakua faili mpaka alfajiri, malori ya mkonge yakipita nje. Faili moja likikatika katikati unaanza upya. Ukiwa unasikia watu wanasema sayansi ni ubunifu, wafikirie mbu wa Korogwe.

Lakini siku ambayo kazi hii ilinishika koo ilitangulia hiyo likizo. Ilikuwa Mei 2024.

Nilikuwa nimetoka Dar Ijumaa, tarehe 10, kwenda Korogwe kwenye arobaini ya bibi mdogo. Siku zile kundi la madoa ya jua lenye namba 3664, pana zaidi ya mara 15 ya kipenyo cha dunia, lilikuwa limetupa mawingu kadhaa ya plazma kuelekea kwetu, moja nyuma ya jingine. Ijumaa usiku yakafika. Ilikuwa dhoruba ya daraja la tano, la juu kabisa, ya kwanza ya namna hiyo tangu Oktoba 2003. Mpaka Namibia na Afrika Kusini watu walipiga picha za anga jekundu. Korogwe hatukuona kitu. Kulikuwa na mawingu ya Usambara na ubwabwa wa arobaini.

Jumapili tarehe 12 intaneti ikaanguka. Mnaikumbuka. Nchi nzima ilikuwa inasuasua, na Kenya na Uganda pia. Kabla mtandao haujafa kabisa, ujumbe wa sauti ulikuwa umeshazunguka WhatsApp: jua limelipuka, mitandao yote inaungua, pesa zilizomo kwenye simu zitapotea. Saa nane mchana banda la dada lilikuwa limezungukwa. Mbele kabisa alikuwa mama mmoja mhazini wa kikoba, ametoka vijijini upande wa Handeni. Kwenye simu yake kulikuwa na akiba ya wanawake 22 waliyoiweka tangu Januari. Alitaka kutoa yote, taslimu, halafu apande bodaboda nayo mpaka nyumbani kabla giza halijaingia.

Dada akanigeukia mbele za watu. "Huyu anasoma hilo jua chuoni. Mwambieni awaambie."

Sijawahi kufanya UE ngumu kama ile. Hakuna desa, hakuna saa ya kufikiri, na wanaosahihisha wamesimama wanatoka jasho. Nikaanza na salamu, nikasema: Shikamoo mama. Jua limelipuka kweli, siyo uongo. Tangu Ijumaa. Kwa hiyo kama ni pesa kuungua, zingeungua Ijumaa usiku, na jana Jumamosi mmetuma na kupokea kama kawaida. Pili, dhoruba ya jua inasumbua mawasiliano ya redio na satelaiti, na kwenye nchi za kaskazini inaweza kuzima umeme, kama ilivyozima jimbo la Quebec, Canada, kwa saa tisa Machi 1989. Haifuti hesabu iliyoandikwa. Tatu, intaneti yetu haipiti angani. Inapita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na nyaya hukatika.

Mzee mmoja akasema, nyaya chini ya bahari, hiyo nayo ni hadithi. Nikamwambia hadithi hiyo ni ya zamani kuliko sisi wote: mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ulishafika Zanzibar kutoka Aden, chini ya bahari. Hapo kidogo nikaanza kupata ujasiri. Dhoruba kubwa ya jua inayotajwa kuliko zote ilipiga Septemba 1859, miaka 20 kabla ya waya huo. Ulaya na Marekani mitambo ya simu za maandishi ilitoa cheche. Pwani yetu haikuwa na cha kuungua.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Una hakika, mwanangu?"

Kwenye fizikia huwa tunajibu kwa asilimia. Nikamwambia nina hakika kwamba pesa hazijaungua. Nina hakika pia kwamba barabarani na pesa zote hizo usiku ni hatari kuliko jua. Akawaza. Akatoa nusu. Dada alikuwa na floti ya hiyo nusu tu, kwa hiyo mpaka leo sijui kama nilimshawishi mimi au droo ya dada. Baadaye siku ileile serikali ikaeleza kwamba hitilafu ilikuwa kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Jua halikuhusika. Lakini ujumbe wa sauti ulikuwa umefika Handeni mapema kuliko taarifa ya serikali, na mama yule alipanda bodaboda na nusu ya akiba ya wanawake 22 kifuani. Alifika salama. Dada alimpigia saa moja usiku kuhakikisha.

Mnaoniuliza faida kwa jamii, mimi jibu langu nalianzia hapo bandani. Na nina jibu la pili la kitaalamu zaidi. Mwanga wa mlipuko unatufikia kwa dakika nane na sekunde 20, na eksirei zake zinakuja na mwendo huohuo, kwa hiyo mlipuko wenyewe hauna onyo, unapouona umeshafika. Lile wingu la plazma ndilo linalochelewa. Likija kwa kilometa 1,000 kwa sekunde linatumia kama saa 42. Hapo kuna nafasi ya kuonya watu, kama mapema unajua limeondoka, linaelekea wapi, na kwa kasi gani. Kasi ya kuja usoni kwetu inasomwa kwenye mstari wa haidrojeni. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna hofu kubwa ya gridi kuungua kama Wakanada, na umeme ukikatika Korogwe sababu huwa iko karibu zaidi ya jua. Lakini tabaka la anga la ionosfia juu yetu ni korofi kuliko la kwao, hasa baada ya magharibi, na linapochafuka GPS inayumba. Kila anayepima viwanja Handeni siku hizi amebeba GPS. Hizo kesi za mipaka nilizozitaja mwanzo zina mabishano ya kutosha bila kuongezewa.

Kwa hiyo nilifanya nini bandani kwa dada usiku wote ule? Nilichukua filamenti moja iliyofyatuka, nikaufuata mstari wake faili kwa faili. Mwanzoni umetulia pale 656.3. Halafu unaanza kupinda kuelekea bluu, kidogo, kidogo, mpaka nanomita 0.1, ambayo ni kama kilometa 45 kwa sekunde. Saa tisa usiku, mbu, feni imezimika, na mimi naona kitu kikubwa kuliko dunia kikiinuka kuja kwetu, kwenye grafu ya rangi mbili. Nilitamani kumwamsha mtu. Dada aliamka mwenyewe, akatazama, akasema, "Kamstari kamepinda," akarudi kulala. Ndiyo maelezo mafupi na sahihi kuliko yote ya mradi wangu, na nimeyaiba kwenye utangulizi wa ripoti.

Kikwazo kipo na sitakificha. CHASE ina dirisha jembamba. Filamenti ikizidi kasi ya kama kilometa 140 kwa sekunde kuja kwetu, mstari wake unatoka nje ya dirisha na hauuoni tena. Yaani zile za hatari zaidi ndizo zinazotoroka. Nimetumia sura nzima kuliongelea hilo na supavaiza amelipenda kuliko matokeo yenyewe. Walimu ndivyo walivyo.

Septemba ile mjomba alinitafutia kibarua. Kazi ya ofisini, mshahara wa kueleweka, Korogwe, nianze Novemba, ila niache wazo la kuendelea na shahada ya pili. Sikumlaumu, na sitanii: nyumbani kuna wadogo watatu, na mbuzi wale wanne hawajarudi. Alinipa mpaka mwisho wa Oktoba nijibu.

Oktoba 3 nilikuwa Handeni, alasiri, nimekaa chini ya mwembe na babu. Babu ana redio yake ya masafa mafupi, ya betri kubwa, ambayo haiuzi wala haiazimi. Alikuwa anasikiliza kituo cha Kiarabu ambacho haelewi, anapenda tu sauti. Saa tisa na dakika kama kumi sauti ikaanza kuzama. Akazungusha kitufe. Kituo kingine, kimya. Kingine, kimya. Hata ule mchakacho wa kawaida ulikuwa umepungua, kama mtu ameifunika redio na blanketi. Babu akaipiga ubavuni, akatoa betri, akazilamba, akazirudisha. Mimi nilitazama saa, nikachukua kalamu nikaandika kiganjani: 9:18, hakuna kitu. Baada ya muda vituo vikarudi kimoja kimoja, vya masafa ya juu kwanza.

Usiku nilipopata mtandao nikaona. Mlipuko wa X9.0, mkubwa kuliko wote wa mzunguko huu wa jua hadi siku hiyo, kilele chake saa 9:18 alasiri kwa saa zetu, na upande wa dunia uliokuwa unatazama jua wakati huo ulikuwa Afrika. Eksirei zilikuwa zimelijaza tabaka la chini la ionosfia ayoni na elektroni, likanyonya mawimbi ya redio badala ya kuyaacha yapite. Kipimo kilikuwa mikononi mwa babu. Nikamweleza taratibu, kwa Kiswahili na Kizigua, pamoja na mchoro kwenye mchanga. Akauliza kama litatokea tena. Nikasema ndiyo, ila siku siwezi kusema. "Basi niletee daftari," akasema. "Mimi nipo hapa kila siku."

Mjomba nilimjibu wiki iliyofuata. Nilimwambia kibarua nitakifanya kwa mwaka mmoja, nilipe mbuzi, na nitaomba shahada ya pili nikiwa hapohapo. Hakufurahi, hakukasirika. Alisema mwaka mmoja ni mrefu na watu hubadilika, tutaona.

Daftari la babu lina kurasa nane sasa. Mjukuu wake wa darasa la sita ndiye anayemwandikia: tarehe, saa, kituo, na safu ya mwisho imeandikwa "ilikuwaje". Nyingi zimeandikwa "kawaida". Tano zimeandikwa "ilizama", na kati ya hizo, nilipolinganisha na orodha ya milipuko, tatu zimekubali na mbili ilikuwa betri. Kama kuna mwanachuo mwenye babu na redio ya masafa mafupi, Songea, Kigoma, popote, na yuko tayari kununua daftari la kurasa 48, anitafute. Betri ajitegemee.